Jina la Mti si Cheti cha Kuzaliwa

Hivi majuzi, nikisahihisha insha za wanafunzi wangu, nilikumbana na hoja iliyonishtua. Mwandishi alitaka miti iitwayo Cape chestnut katika msitu wa Karura ing'olewe, kwa madai kwamba ni ya kigeni. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: jina.

Ukweli ni kinyume. Mti huo ni mwenyeji. Humea wenyewe kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Isitoshe, si chestnut hata kidogo, bali ni wa ukoo wa michungwa na milimau. Jina hilo la Kiingereza ulipachikwa kwa kufananishwa tu.

Ajabu ni kwamba chestnut halisi, ambao nitauita mkastania kwa kufuata jina lake la kitaalamu, Castanea, ndio mgeni huko Uingereza. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kuwa uliletwa na Warumi, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ushahidi wa dai hilo ni haba. Lililo wazi ni kwamba umekuwako kwa karne nyingi. Katika misitu ya Kent na Sussex hukatwa, kisiki kikachipua tena, na miti yake ikajengewa nyua. Hata jina lake lilihamia: lilitoka katika Kigiriki, likapitia Kilatini na Kifaransa, likatua katika Kiingereza.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkastania ulipewa jembe, nao ukalima.

Sisemi kwamba kila mgeni apokewe bila kuchunguzwa. Mikastania ya Asia iliyopelekwa Marekani ilifika na ugonjwa wa kuvu, uliogunduliwa New York mwaka 1904. Kufikia katikati ya karne ya 20, mabilioni ya mikastania ya kienyeji yalikuwa yameangamia. Basi yafaa tuuulize mti umetoka wapi na unafanya nini msituni. Lakini majibu hayo hayapatikani katika jina.

Hapa sisi walimu wa lugha tunastahili lawama. Tunafundisha kwamba neno ni mapatano ya wasemaji, wala si kielelezo cha asili ya kitu. Kisha somo hilo tunaliacha darasani pamoja na chaki. Mwanafunzi hutoka akidhani kuwa kisicho na jina la Kiingereza hakijulikani, na chenye jina la Kiingereza si chetu.

Sikuitia alama insha ile. Nilimwagiza mwenyewe aende nyumbani akamwulize nyanyake mti huo huitwaje kwa Kikuyu. Juma lililofuata alirejea na jina murarachi, na insha mpya. Laiti tungemtuma kwa nyanyake mapema, kabla hajashika kalamu kuuhukumu mti wa kwao.