Yona Anangoja Matatu

KUTOKA KARAGITA
Na Njoroge wa Maina

Ijumaa jioni nilimkuta Yona kwenye stendi ya Naivasha akingoja gari la Gilgil. Yona yule yule, mume mlevi wa Sara katika Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo watoto wetu wa sekondari wanaisoma. Au tuseme kijana anayemwigiza, mmoja wa wale wanaozunguka shuleni na mabegi ya mavazi wakiwachezea watahiniwa vitabu teule. Koti la jukwaani alikuwa amelikunja kwapani, na poda waliyompaka kichwani kumtia mvi ilikuwa imeganda nyuma ya masikio.

Wasichana watatu wenye sare walimwona kutoka ng'ambo ya barabara. "Yona! Acha pombe!" Akapepesuka hatua mbili palepale kwenye lami, akawapungia mkono. Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha akageuka, akaendelea kubishana na makanga: huyu anataka mia na hamsini, yeye ana mia.

Nilimwuliza jina lake. Akanitajia, na naona haya kusema nimelisahau.

Huku kwetu tumeshaona nyota wa aina nyingine. Angelina Jolie aliigiza katika miamba ya Hell's Gate, kwenye filamu ya Lara Croft iliyotoka mwaka 2003. Nyota wa namna hiyo jina lake hutangulia: mtu hukata tiketi kumwona Jolie, awe anaigiza malkia au mwizi. Kenya ni kinyume. Mhusika humla mwigizaji, akammaliza.

Mfikirie Mzee Ojwang. Miaka na mikaka tulimtazama kwenye Vitimbi ya KBC akigombana na Mama Kayai, na lafudhi yake ya Kijaluo ilimkaa sawasawa hata pale kwetu hakuna aliyeshuku. Alipofariki Julai 2015, mama yangu alisikia kwenye redio kwamba marehemu ni Benson Wanjau, akabisha. Mkikuyu mwenzake! Kwangu mimi, hakuna tuzo inayoshinda ubishi ule wa mama. Lakini mzee huyohuyo macho yalipomsumbua, ilibidi mashabiki wamchangie matibabu.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya Omosh wa kipindi cha Tahidi High kujitokeza na kuomba msaada. Wako waliomsaidia, na wako waliomkejeli: pesa zote zile za runinga kazipeleka wapi? Pesa zipi? Tulimwona kila wiki sebuleni tukadhani kila wiki analipwa kama mbunge. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika uigizaji wake, lakini muulize yeyote aliyecheza kipindi kinachorudiwa mara ya tano ameona shilingi ngapi. Ndiyo maana sipendi tunavyouita uigizaji kipaji. Kipaji hakidai malipo. Kazi hudai.

Makanga, kijana wa juzi tu shuleni, alimkazia macho abiria wake. "Wewe si Yona? Ulikuja kwetu nikiwa kidato cha nne!" Akaichukua ile mia, akamfungulia mlango wa mbele.

Yona alinichungulia dirishani, akaniomba namba yangu ya simu. Shule aliyotoka kuigiza siku hiyo ilikuwa imesema itatuma M-Pesa Jumatatu.