Siku Saba za Nani?

Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, vijana wa Nyasura na kata nyingine za mji wa Bunda huanza kutafuta vibarua viwandani: kupakua malori, kulisha mitambo ya kuchambua pamba, kufunga marobota. Wengine huenda Musoma kwenye viwanda vya minofu ya sangara, wengine machimboni Buhemba. Wengi wao hawamjui mwenye kiwanda, naye hawajui. Anayeandika majina yao ni nyapara, au kampuni ya wakala ambayo ofisi yake iko mji mwingine. Asubuhi majina yanaitwa getini, jioni ujira unatolewa, na kesho ni bahati yako.

Sasa tuseme saa nne asubuhi mtambo umemkata mmoja wao vidole viwili. Nani atoe taarifa?

Kwenye karatasi jibu lipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri aufikishie taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku saba. Mfuko huo ulianza kazi Julai 2015 na mwaka mmoja baadaye ukaanza kulipa mafao. Ni hatua kubwa, wala haifai kubezwa. Chini ya sheria ya zamani tuliyoirithi kwa mkoloni, aliyepata ulemavu wa kudumu hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000. Leo yupo wa kumtibu, na asiyeweza tena kufanya kazi kabisa hulipwa pensheni ya kila mwezi ya asilimia 70 ya kipato chake.

Tatizo ni kwamba haki yote hiyo inapita kwenye mlango mmoja, na ufunguo anao mtu ambaye huenda hakuwepo. Siku saba zinahesabiwa tangu mwajiri apate habari. Nyapara ameona damu. Je, mwajiri amepata habari? Msimamizi wa zamu ndiye aliyezima mtambo, lakini yeye ni mtu wa kiwanda, si wa wakala. Wakala atapigiwa simu jioni, au kesho, au hatapigiwa kabisa. Huku nyuma sakafu imeoshwa, kinga ya mtambo iliyokuwa imefunguliwa imerudishwa mahali pake, na wenzake walioona wamehamia kibarua kingine.

Kisha kuna hospitali. Daktari huandika anachoelezwa. Aliyemsindikiza majeruhi akimshawishi aseme ameumia nyumbani, kwa ahadi kwamba gharama za dawa zitalipwa kimya kimya, maneno hayo yanaingia kwenye jalada na yatamfuata mpaka mwisho. Miezi mitatu baadaye, dawa zimekwisha na mkono haushiki jembe, atasema kweli gani mbele ya cheti chake mwenyewe? Ndiyo maana nashikilia kwamba saa chache za kwanza zina uzito kuliko vikao vyote vitakavyofuata.

Kwa nini ajali ifichwe? Marekani, bima ya mwajiri hupanda kadiri ajali zake zinavyoongezeka, hivyo kishawishi kinaeleweka. Hapa kwetu waajiri wa sekta binafsi na wa umma wanachangia kiwango kimoja, nusu ya asilimia moja ya mishahara. Mwajiri halipi zaidi kwa sababu tu ametoa taarifa. Kinachoogopwa, kwa maoni yangu, ni kinachofuata baada ya taarifa: jina la majeruhi kutafutwa kwenye orodha ya mishahara na kukosekana. Wakala naye anaogopa kuonekana msumbufu na kunyimwa mkataba msimu ujao.

Kanuni za mwaka 2014 ziliwazuia mawakala wa ajira kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwa wengine. Ukodishaji haukufa. Ulivaa jina la mkataba wa huduma na kuendelea.

Marekani waliamshwa na vifo. Mwaka 2012 kijana wa miaka 21 aliyeletwa na wakala aliuawa na mashine katika kiwanda cha Bacardi huko Jacksonville, Florida, siku yake ya kwanza kazini. Mwaka uliofuata mamlaka yao ya usalama kazini ilianzisha mpango maalumu kwa ajili ya wafanyakazi wa mawakala. Kanuni ya kuandikisha majeraha kule ni nyepesi kueleweka: anayesimamia kazi ya kila siku ndiye anayeandika, hata kama mshahara unatoka kwa mwingine.

Hilo ndilo ninalolitaka Bunda na Musoma. Mwenye eneo la kazi awe na wajibu wake mwenyewe wa kutoa taarifa ndani ya saa 24, bila kumsubiri wakala, na alichokijua nyapara kihesabiwe kuwa mwajiri amekijua. Wenye viwanda watalalamika kwamba wanabebeshwa mzigo wa mtu wasiyemwajiri. Lakini fidia hii haiulizi kosa ni la nani, na kutoa taarifa si kukiri kosa. Mfuko ukipokea taarifa mbili za ajali moja utaziunganisha. Usipopokea hata moja hauna cha kuchunguza. Wapo pia wanaohofia udanganyifu, mtu aumie Jumapili kwenye mpira kisha adai Jumatatu kazini. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni taarifa ya siku hiyohiyo, wakati mashahidi wapo na mtambo haujaguswa.

Kibarua mwenyewe je? Hunyamaza kwa sababu anajua kesho asubuhi jina linaweza lisiitwe. Vyama vya wafanyakazi kama TUICO vinatetea wanachama, na kibarua wa siku ni nadra kuwa mwanachama. Kumwambia ajitetee peke yake ni kumwachia kazi iliyotushinda sisi wengine.

Kisha yapo madhara yasiyotoa damu. Vumbi la pamba huharibu mapafu taratibu, kwa miaka. Atakapoanza kubanwa kifua, kijana wa Nyasura atakuwa amepita kwa mawakala wanne au watano, baadhi yao wamekwisha kufunga ofisi. Kilichobaki palepale ni kiwanda. Kitakiwe kutunza majina ya wote walioingia getini kila msimu, aliyewaleta akiwa nani, ili siku hiyo ikifika pawe na mahali pa kuuliza.