Broka wa Shamba ni Wakala wa Nani?

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wanunuzi wa ardhi huku Kericho na Bomet huyachanganya, na mchanganyiko huo umewatia wengi hasarani. Dalali na dalili ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuonyesha njia. Wakala na wakili nayo ni ndugu: huyo ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe, akaaminiwa. Wa kwanza hukuonyesha shamba tu.

Mwalimu mmoja niliyepata kumfundisha alichukua mkopo wa chama cha ushirika ili anunue ekari moja ya majani chai karibu na Litein. Broka, ndivyo tumwitavyo dalali siku hizi, alimpokea kwa taadhima, akamwita "mwalimu wangu". Asilomwambia ni kwamba nambari ya mkulima kiwandani ilikuwa ya nduguye muuzaji, na kwa hiyo malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka yangeendelea kumwendea huyo. Wala hakumwambia kwamba mke wa muuzaji hakuwa ameridhia. Bodi ya ardhi ilipokaa, mama yule alikataa katakata, na idhini haikutolewa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, mauzo ya shamba la kilimo yasiyo na idhini ya bodi huwa batili. Mnunuzi hubaki kumdai muuzaji fedha zake kama deni. Broka alikuwa amekwisha kupokea ujira, mkono huu na mkono ule.

Atajitetea kwamba alitumwa na muuzaji. Utetezi huo ungekuwa na uzito lau asingalipokea pia fedha za mnunuzi, tena kwa siri. Isitoshe, Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Majumba ya mwaka 1984, Sura 533, inakataza mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi yao. Ni nani kati yetu aliyewahi kudai kuona cheti hicho? Mimi mwenye shahada ya uzamifu nilinunua ploti yangu bila kuuliza.

Nchini Marekani, majimbo mengi humlazimisha wakala aeleze kwa maandishi anamwakilisha nani. Hapa kwetu karatasi moja ingetosha, itiwe sahihi kabla ya kukanyaga shamba: nimetumwa na fulani, nitalipwa na fulani. Bodi za ardhi zingeweza kuidai pamoja na fomu zao nyingine.

Mwalimu wangu angali anakatwa mshahara kila mwezi kwa mkopo ule.