Usiiachie simu kazi ya kuhesabu pumzi za mtoto

Majuzi baba mmoja aliniletea mtoto wa miezi 8 hapa Garissa. Alitoka upande wa Balambala, na mtoto alikuwa na homa na kikohozi kwa siku tatu. Nilipomwuliza kwa nini alichelewa, alinionyesha simu yake. Ilikuwa na programu inayotazama uso wa mtu kwa kamera na kutaja mapigo ya moyo. “Daktari, simu ilisema moyo wake uko sawa.”

Nilimvua mtoto shati, nikatazama saa yangu. Pumzi 66 kwa dakika moja. Ilikuwa nimonia.

Sisemi kwamba programu hizo ni ulaghai. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo katika ngozi ya uso, na rangi ya ngozi hubadilika kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kamera huona. Mwaka 2008 watafiti wa Irvine, California, walionyesha kwamba kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vyatosha kwa kazi hiyo. Pumzi nazo kamera huzipata kwa kufuata kifua kinavyopanda na kushuka.

Taabu ni kwamba ngozi nyeusi hunywa mwanga mwingi, na ule unaorudi kwenye kamera ni mchache. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kuwa hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa wazungu. Hicho hugusa ngozi. Sembuse kamera iliyo mbali, chini ya kivuli cha mgunga kinachochezacheza kwa upepo, na mtoto analia!

Wapo wanaosema kamera itawafaa akina mama wetu wasiopenda kuguswa na daktari mwanamume. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mama huyo itambidi aufunue uso wake, na picha hiyo itahifadhiwa wapi? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Tena buibui pana huificha pumzi.

Kwa hiyo nasema wazi: kaunti zetu zisinunue programu hizi kabla hazijajaribiwa kwa watu wetu, katika jua letu, zikilinganishwa na saa na jicho la muuguzi. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa simu na mikoba ya vifaa mwaka 2023 wanaweza kuhesabu pumzi leo hii bila kungoja mtu.

Nawe unaweza. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi 1. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, akipata degedege, akilegea, usihesabu chochote, mkimbize hospitali. Na wewe uliye Eastleigh unayepigiwa simu ya video na dada yako aliye Bura, mwache yeye ahesabu, kwa maana picha ikikwama hesabu yako imeharibika.

Mtoto yule alilazwa, akapewa oksijeni na sindano. Siku ya kuruhusiwa baba yake aliniomba nimfundishe. Mara ya kwanza alipata 31. Tulirudia pamoja, yeye akapata 38, mimi 37.