Bima ya afya ilivyotia doa ukaazi wa wanafunzi Uingereza

MWANAFUNZI wa Kenya anayeomba viza ya kwenda kusoma Uingereza hukabiliwa na gharama moja inayowashtua wazazi wengi: ada ya afya, ambayo hulipwa yote kwa pamoja kabla ya viza kutolewa. Tangu Februari 6, 2024, ada hiyo ni pauni 776 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu hizo ni pauni 2,328, takriban Sh400,000, na hapo karo haijaguswa.

Ilipoanzishwa Aprili 2015, mwanafunzi alitozwa pauni 150. Imepanda zaidi ya mara tano katika muda usiofika miaka tisa, hivyo malalamiko ya wazazi yana msingi.

Hata hivyo, inafaa kutazama yaliyowakuta wanafunzi kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, ambao wakati huo hawakutozwa ada hiyo hata senti moja.

Chini ya kanuni zilizoanza kutumika Uingereza Aprili 2006, raia wa nchi hizo alipata haki ya ukaazi wa kudumu baada ya kuishi humo kihalali miaka mitano mfululizo. Aliyekuwa akifanya kazi hakuwekewa sharti la bima. Mwanafunzi, pamoja na yule aliyejikimu bila kazi, alitakiwa awe na bima kamili ya ugonjwa muda wote huo.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Alijiandikisha kwa daktari wa mtaani, akatibiwa bure na Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, akaamini mambo yake yako sawa. Angenunua bima ya nini, ilhali hospitali ilikuwa wazi kwake?

Baada ya kura ya maoni ya Juni 2016 ya kujiondoa katika Umoja huo, maelfu walikimbilia kuomba hati za ukaazi wa kudumu. Fomu ilikuwa na kurasa 85. Ndipo wengi waliposoma swali la bima kwa mara ya kwanza. Miaka ya masomo bila bima haikuhesabiwa, na kwa wengine hata uraia wa watoto waliozaliwa humo ulitiwa shaka, kwa kuwa ulitegemea iwapo mzazi alikuwa na ukaazi huo.

Wala si Wazungu pekee waliobanwa. Mwafrika au Mwasia aliyeishi Uingereza kwa haki ya mwenzi wake wa Ulaya aliyekuwa mwanafunzi alianguka pamoja naye.

Nafuu ilikuja kwa awamu. Mpango wa kuwasajili raia wa Ulaya, uliofunguliwa rasmi Machi 2019, uliondoa sharti la bima. Kisha Machi 10, 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya familia ya Kipakistani ya Ireland ya Kaskazini yenye mtoto raia wa Ireland, kwamba aliyekwisha kupokewa bila malipo katika NHS alikuwa na bima ya kutosha. Kwa waliokwisha kukataliwa na kuondoka, uamuzi huo ulichelewa.

Kwa maoni yetu, ada wanayotozwa Wakenya ni kali, lakini angalau haijifichi. Anayeilipa anajua amelipia nini, na hakuna afisa atakayemdai stakabadhi ya bima miaka mitano baadaye.

Lakini ada hiyo hainunui ukaazi. Akihitimu na kuomba viza ya wahitimu, atalipa upya, safari hii pauni 1,035 kwa mwaka. Aidha, kinga yake hudumu kadiri viza inavyodumu. Viza ikiisha kabla hajawasilisha ombi jingine, matibabu mengi ya hospitali nchini Uingereza yaweza kumgharimu asilimia 150 ya bei ya kawaida, na deni la NHS linalofikia pauni 500 ni sababu ya kutosha kwa maafisa wa uhamiaji kukataa ombi lake.

Ombi la viza ya kwanza likikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Pesa za ombi lenyewe hazirudi.