Nani Mvamizi? Ardhi ya Kibaha na Kisarawe na Dhamana Iliyo Shingoni Mwetu

Neno "mvamizi" limekuwa jepesi mno katika ndimi za watu. Akivunjiwa mtu nyumba yake pembezoni mwa Kibaha, majirani huuliza kwanza iwapo alikuwa mvamizi, na jibu likiwa ndiyo, huruma hukomea hapo hapo. Sisi tunaona kwamba neno hili limekusanya ndani yake watu wasiofanana hata kidogo. Yumo aliyeingia usiku katika shamba la mwenzake akiwa na panga na kamba, akajikatia vipande, kisha akaanza kuviuza kabla ya jua kuchomoza. Yumo mjane aliyetoa akiba ya miaka kumi kununua kiwanja mbele ya mwenyekiti, mashahidi na muhuri. Yumo pia mzee wa Kizaramo aliyezikwa kitovu chake chini ya mwembe, naye leo anaambiwa kwamba mwembe huo umo ndani ya hati ya mtu asiyemjua hata kwa sura. Kuwahukumu watatu hawa kwa hukumu moja ni dhulma, na dhulma haiwi uadilifu kwa sababu tu imepigwa muhuri.

Jambo hili halitapoa lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Pwani watu wapatao milioni 1.1; ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2. Ni karibu maradufu ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeelemea upande unaopakana na Dar es Salaam. Mtu asiyeweza tena kununua kiwanja Mbezi au Kimara husogea Kiluvya, kisha Mailimoja, kisha Visiga na Mlandizi. Wa upande wa Pugu na Chanika huingia Kisarawe. Treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024 na kupita Soga, na bandari kavu ya Kwala ilipofunguliwa mwaka 2025, ekari iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya mbuzi wachache ikawa inagombewa na matajiri. Ardhi ikipanda bei, nyaraka zilizokuwa zimelala huamka, na warithi waliokuwa kimya huanza kukumbuka mipaka.

Inafaa tujikumbushe nini hasa tunachokiuza na kukinunua. Mwaka 1895 dola ya Kijerumani ilitangaza kwa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola hiyo, na ni dola yenyewe iliyoamua ipi haina mwenyewe. Waingereza wakaja na sheria yao ya mwaka 1923 iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Baada ya uhuru, Gavana akaondoka na msingi ukabaki. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika mwaka 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Raia hupewa haki ya kuitumia: yenye hati kwa muda wa miaka 33, 66 au 99, au ya kimila ambayo kijijini haina ukomo. Kwa hiyo anayesema "hii ni ardhi yangu milele" na anayesema "wewe huna kitu" wote wawili wamepita mpaka.

Lakini asidhani mtu kwamba haki ya kimila ni haki dhaifu inayongoja hisani ya mwenye hati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Kesi hiyo ilitokana na vurugu zilizoachwa na uhamishaji wa watu vijijini miaka ya sabini. Huku kwetu Pwani nako familia ziliacha mahame yao yenye minazi na mikorosho zikapelekwa kwenye vijiji vipya. Waliobaki na waliohamia wakapanda upya. Ndiyo maana katika ardhi moja utakuta madai matatu, na kila mdai anaapa kwa jina la Allah naye haongopi: mmoja anasema "babu yangu alipanda", mwingine "kijiji kilinigawia", wa tatu "nimenunua".

Kisarawe inayo mifano yake, na mmoja tunauona hautajwi inavyostahiki. Kati ya mwaka 2006 na 2009 kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilitafuta na kupewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka katika vijiji kumi na kimoja vya wilaya hiyo, ili kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Wanakijiji waliahidiwa ajira, visima na zahanati, na nyingi ya ahadi hizo zilikuwa za mdomo. Mwaka 2011 mradi ulikwama, mamia ya vibarua wakasimamishwa kazi, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine. Hapo ndipo wanakijiji walipoelewa maana ya karatasi waliyoikubali. Kisheria ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mgeni mpaka kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya kawaida, nayo ikishahamishwa hairudi kijijini kwa sababu tu aliyeichukua ameshindwa kuitumia. Mwekezaji akaondoka, mibono ikabaki, na mwenye shamba la zamani akawa ndiye anayeitwa mvamizi akienda kukata kuni pale babu yake alipozikwa.

Sheria ile ile imeweka kinga ambazo hazikutumika ipasavyo. Eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa bila ya mkutano mkuu wa kijiji kulikubali. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri ndiye mwenye uamuzi. Katika hali zote mbili fidia, namna ya kuilipa na wakati wake hupasa kukubaliwa kabla ya uhamisho. Tunawaambia ndugu zetu wa vijiji vya Kisarawe na Kibaha Vijijini: mkutano mkuu wa kijiji si mahali pa kwenda kusaini mahudhurio na kupokea soda. Muhtasari wa kikao kile ndio utakaosomwa mahakamani miaka ishirini baadaye.

Mfano mwingine uko kwenye barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilivunjwa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara kwenda Kibaha, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo katika kipande hicho ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya njia. Hifadhi hiyo ilikuwapo kwenye vitabu. Waliovunjiwa nao walikuwapo machoni pa serikali: wakilipa kodi ya majengo, wakiunganishiwa umeme na maji, wakipiga kura katika mitaa iliyosajiliwa. Hatusemi kwamba barabara isipanuliwe. Mgonjwa anayekimbizwa Tumbi anaihitaji barabara hiyo kuliko mtu yeyote. Tunalosema ni kwamba mamlaka iliyokupa mita ya umeme kwenye ukuta wako imekushuhudia umeishi hapo, na haifai ushahidi huo uhesabiwe wakati wa kukusanya kodi na usahaulike wakati wa kuhesabu fidia.

Tukigeukia nafsi zetu, tuseme kweli: migogoro mingi inayofika kwa maimamu haianzi kwa mwekezaji wala kwa mkandarasi wa barabara. Inaanza nyumbani, siku ya arobaini ya marehemu. Baba amefariki ameacha ekari saba Msanga au Soga. Mtoto wa kiume aliyeko karibu anakata ekari mbili anauza kulipia pikipiki. Dada zake walioolewa Dar es Salaam na Rufiji hawaulizwi, mjane haulizwi, na watoto wa mke wa pili hawatajwi kabisa. Mnunuzi anajenga msingi, anapandisha ukuta, anaezeka bati. Ndipo dada anapotokea na wakili. Nani hapa mvamizi? Qur'ani katika Surat An-Nisaa imewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika kilichoachwa, kiwe kichache au kingi, na haikusema isipokuwa ardhi. Kauli ya kwamba shamba la ukoo haliendi kwa mabinti kwa kuwa litahamia kwa wakwe ni mila iliyovishwa kanzu. Aliyeuza kabla ya mirathi kugawiwa ameuza fungu lake na mafungu ya wengine, na katika hayo mengine hana mauzo. Nayo sheria ya nchi inataka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Mahakama ya Mwanzo inaifanya kazi hiyo. Mnunuzi anayeambiwa "hii ni ya marehemu baba" na asiulize barua ya usimamizi amejitafutia balaa kwa fedha yake mwenyewe.

Wako pia waangalizi wa mashamba. Mtu wa mjini anamweka kijana alinde shamba lake na kulima mihogo humo. Miaka inapita, kijana anakuwa mzee, na siku moja anaanza kuuza vipande. Akihojiwa husema amekaa zaidi ya miaka kumi na miwili. Ni kweli kwamba sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua madai, lakini aliyeingia kwa idhini ya mwenyewe hageuki mwenyewe kwa kupita miaka. Wanazuoni wa Kimaliki walisema mgeni akiishika ardhi miaka kumi na mdai yupo, anaona, ananyamaza bila udhuru, dai lake halisikilizwi. Na wao pia hawakumhesabu mpangaji wala mwakilishi katika hukumu hiyo. Ama Mashafii, ambao watu wa mwambao wamewafuata kwa karne nyingi, hawahamishi milki kwa urefu wa muda peke yake.

Said bin Zayd, mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, alishitakiwa na jirani yake mbele ya Marwan kwamba amemega ardhi yake. Alishangaa vipi angelifanya hilo baada ya kumsikia Mtume (s.a.w.) akionya kwamba mwenye kudhulumu shibri moja ya ardhi atafungwa shingoni nayo mpaka ardhi saba. Shibri moja! Sisi tunazungumzia ekari. Na Mtume (s.a.w.) alikwishatutanabahisha kwamba hata yeye akimhukumia mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa hoja zake, anampa kipande cha moto. Hukumu ya baraza basi haimhalalishii mtu anachojua moyoni kuwa si chake.

Hata hivyo, yuko mwenye hati ambaye naye ana la kujibu. Anashikilia mamia ya ekari Kibaha tangu miaka ya themanini, hajalima, hajajenga, haji, na vijana wa kijiji wanakodi vipande vya kulima kwa majirani. Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal bin al-Harith al-Muzani ardhi ya Aqiq, na Umar bin al-Khattab alipotawala alimwachia kile alichoweza kukilima, akachukua kilichobaki akawagawia Waislamu. Sheria yetu nayo huambatanisha hati na masharti ya uendelezaji, na Rais anaweza kuifuta inapovunjwa. Tunataka masharti hayo yafuatiliwe kwa mwenye cheo kama kwa asiye nacho. Lakini aliyemnyang'anya Bilal ziada ile alikuwa kiongozi, kwa kauli ya wazi na kwa maslahi ya watu wote. Hakuwa jirani mwenye panga. Anayetumia kisa hicho kujikatia kiwanja amekisoma nusu.

Kuhusu ununuzi, tutasema machache. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Asilimia kumi inayodaiwa na ofisi nyingi za mitaa kila kiwanja kinapouzwa haina msingi wa kisheria, na mwenye kuipokea huku akijua kiwanja kina mgogoro amekula mara mbili. Kijijini, mgeni hanunui bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mjini, kafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi ya rambirambi ya dalali, na uulize pia mipaka ya hifadhi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imewaliza wengi waliouziwa miti wakaambiwa ni viwanja. Mgogoro ukitokea, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Urasimishaji wa makazi nao ni jambo la kheri pale fedha za wananchi zinapoishia kwenye hati badala ya kuishia kwenye mifuko ya wapimaji. Ila mwenye kuipata hati asikimbilie kuiweka rehani kwa mkopo wa riba, akaikimbia bomoabomoa na kuangukia mnada.

Limebaki la misikiti yetu. Viwanja vingi tunamoswali Kibaha na Kisarawe vilitolewa kwa neno la mdomo na mzee mwema baada ya Ijumaa. Mzee amefariki, mashahidi wamebaki wawili, na wajukuu wanaijua bei ya sasa. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alikataa kupokea bure kiwanja cha msikiti wake kutoka kwa mayatima wawili, Sahl na Suhayl, mpaka akakilipia. Kamati ya kila msikiti na imwendee mtoaji angali hai, au warithi wake wote, wake kwa waume. Iandike wakfu huo kwa mipaka na majirani wanne, ishuhudishwe, kisha eneo lipimwe na kusajiliwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, si kwa jina la imamu wala la mwenyekiti wa kamati. Iwapo warithi watathibitisha kwamba marehemu hakuwahi kukitoa, basi tukilipie kama alivyolipa Mtume (s.a.w.), au tuhame.