Gari Linalovutwa kwa Mbele Lipewe Haki Yake

MIZANI YA JUMA
Na Mwinyihaji Athumani Shale

Aghalabu mashindano ya magari ya watu wa ridhaa yanapokwisha, vumbi likatua na meza ya vikombe ikazungukwa na watu, sifa zote huelekezwa kwa magari makubwa yenye turbo yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Ilhali gari dogo lililozunguka njia ile ile, katika matope yale yale, kwa mkono wa kijana aliyelitengeneza mwenyewe usiku baada ya kazi yake ya kutwa, hutajwa mwishoni kwa haraka, kana kwamba kulitaja ni hisani. Desturi hiyo haina insafu, na madhara yake kwa mchezo wenyewe ni makubwa kuliko yale yanayompata kijana huyo. Nimeshika usukani wa gari la namna hiyo na ninaendelea kuushika, na kwa ujuzi huo, pamoja na ushahidi wa historia ya nchi zetu, nasema kwamba gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ndilo msingi wa mchezo huu, na mchezo usiotunza msingi wake haudumu.

Mashindano ninayoyakusudia ni autokrosi, ambayo katika Kenya yamekuwa yakifanyika katika viwanja vya udongo, mathalani vile vya Jamhuri Park jijini Nairobi. Njia hufungwa kwa ajili ya shindano na kuwekewa alama, na dereva hukimbizana na saa, si kugombania nafasi ubavu kwa ubavu na mwenzake. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Madaraja ni mengi: yapo ya watoto na vigari vyao, lipo la magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili tu, yasiyo na turbo, lipo la magurudumu mawili yenye turbo, lipo la magurudumu manne, na lipo la bagi zilizoundwa makusudi kwa kazi hiyo. Katika hayo yote, daraja la magurudumu mawili bila ya turbo ndilo ambalo mwalimu wa shule, karani au fundi wa gereji anaweza kuliingia pasipo kuuza shamba la urithi. Maana Toyota Starlet, Vitz, Honda Civic na Volkswagen Golf zimejaa mitaani, vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, kama vinavyopatikana Gerezani kule Dar es Salaam, na fundi anayezijua hana haja ya kutafutwa ng'ambo.

Asiyeifahamu tabia ya gari la kuvutwa kwa mbele na amtazame hamali wa mkokoteni pale Marikiti, Mombasa. Hamali huyo ndiye avutaye na ndiye aelekezaye. Miguu yake miwili inabeba kazi zote mbili. Mzigo ukipangwa vema karibu naye, nyayo zake hushika ardhi na mkokoteni humtii. Ukirundikwa nyuma, mipini huinuka, naye akabaki akigusa lami kwa ncha za vidole, hana nguvu ya kuvuta wala ya kugeuza. Gari letu ni vivyo hivyo. Injini iliyokaa juu ya magurudumu yanayovuta huyapa uzito, na uzito huyapa mshiko, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa katika matope. Lakini dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, uzito hurudi nyuma, pua ikainuka, na matairi ya mbele yakapungukiwa na mshiko katika nukta ile ile yanapotakiwa yavute na yageuze kwa pamoja. Hapo gari hukataa kona, likashika njia ya kwenda nje moja kwa moja, na kadiri dereva anavyozidi kuuzungusha usukani ndivyo linavyozidi kukaidi.

Kwa sababu hiyo gari hili ni mwalimu mkali, na ukali wake ni rehema. Gari lenye nguvu nyingi na magurudumu manne yanayovuta humsitiri dereva wake: akiingia kona vibaya hukanyaga mafuta, akatoka salama, asijue alipoteza nini. Gari dogo halimsitiri mtu. Mwendo uliopotezwa mwanzoni mwa kona haurudi mpaka mwisho wa njia iliyonyooka, na wakati mwingine haurudi kabisa, kwa kuwa injini haina akiba ya kuurudisha; basi dereva hulazimika kujifunza kutazama mbali, kupunguza mwendo mapema, kuugusa usukani kwa utaratibu, na kuyahurumia matairi yake.

Wanaodhani kwamba elimu hiyo ni ya wanaoanza tu, na wapitie kumbukumbu za mashindano ya rali ya Safari, yaliyoasisiwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1956 Eric Cecil na Tony Vickers waliyashinda kwa DKW, gari la kuvutwa kwa mbele, lenye injini ya silinda tatu isiyofika hata lita moja. Mwaka 1962 Pat Moss na Ann Riley, wanawake wa Uingereza, walitoka wa tatu kwa Saab 96 yenye injini ya sentimita za ujazo 841, na mwaka 1964 Erik Carlsson wa Uswidi alitoka wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo, akawaacha nyuma wengi waliokuwa na injini kubwa mara mbili ya yake. Mwaka huo huo, katika barafu ya Monte Carlo, Paddy Hopkirk alishinda kwa Mini Cooper, na Mini zikarudia ushindi huo mwaka 1965 na mwaka 1967. Hizo ni njia ngumu mno duniani, za tope huku na za theluji kule, na magari hayo madogo yalistahimili mbele ya wakubwa kwa akili ya waliokuwa ndani yake.

Na akili hiyo ilikuwa na siri yake, ambayo sasa si siri tena. Madereva wa nchi za kaskazini mwa Ulaya waliifanya kuwa fani ile kazi ya kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto, huku mguu wa kulia ukiwa bado juu ya mafuta. Breki ikiguswa, uzito huja mbele na pua huinama, matairi ya mbele yakashika. Nguvu ya injini haiyaachi yafunge, ilhali yale ya nyuma, yaliyokwisha kuwa mepesi na hayana injini ya kuyazungusha, huanza kuteleza kwa upole, na mkia wa gari ukazunguka upande unaotakiwa. Hivyo gari lililokuwa likikataa kona hukubali, wala halikupoteza mwendo wake.

Gari ninaloshindana nalo ni Starlet ya injini ya sentimita za ujazo 1331, isiyo na turbo, na lau ningeulizwa na kijana aanzie wapi kulibadili gari kama hilo, ningemjibu kwamba aanzie pale linapogusa ardhi na pale linapomlinda mtu. Kwanza ni matairi yenye meno yafaayo kwa murram, yaliyopimwa upepo asubuhi yakiwa baridi, na kupimwa tena baada ya mzunguko. Kisha ni breki: pedi zinazostahimili joto na mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu, nayo yakipata joto kali huchemka na kufanya mvuke, na pedali ikazama hadi sakafuni. Kisha ni bamba la chuma chini ya injini, na springi na shokapu zilizo thabiti. Kwa nyuma aweke springi ngumu zaidi, au chuma kinene cha kuzuia gari kulala ubavu. Maana ugumu wa nyuma huyabebesha magurudumu ya nyuma sehemu kubwa ya mhamo wa uzito katika kona, na gurudumu la mbele la ndani, ambalo ndilo lenye tabia ya kuinuka na kuzunguka bure, likabaki limeshika ardhi. Mwenye uwezo na aongeze difu ya kubana, isiyoacha nguvu yote ikimbilie kwenye gurudumu lisilo na mshiko.

Juu ya hayo yote, na kabla ya shilingi moja kuingia katika injini, kiwepo kizimba cha chuma kilichochomelewa na mtu anayejua kazi yake, kiti kisichosogea, mikanda ya usalama ya mabegani na kiunoni, kizima-moto, na kofia ngumu isiyokwisha muda wake. Nimewaona vijana wenye turbo ya bei kubwa na kiti cha kawaida kilichofungwa kwa boliti zenye kutu; tadbiri ya namna hiyo ni msiba unaosubiri siku yake, na mkaguzi anayeipitisha hana budi kujua kwamba saini yake ina roho ya mtu ndani yake.

Utamu wa kazi hii unaonekana katika kona moja tu ikiendeshwa vema. Chukua ile inayofuata njia ndefu iliyonyooka, inayokunja kulia juu ya murram iliyokwisha kuchimbwa na waliotangulia, ambamo ardhi ngumu imejitokeza katika mstari mwembamba na kokoto zimesukumwa pembeni. Unakuja kwa gia ya tatu. Unashuka ya pili ukiwa bado umenyooka. Unaanza kugeuza mapema kuliko moyo unavyotaka, na mguu wa kushoto unaigusa breki kwa uzito wa mtu anayejaribu kama ubao utamchukua. Pua inainama. Usukani, uliokuwa mwepesi mikononi, unakuwa mzito, na hiyo ndiyo habari njema, maana uzito ule ni matairi yanayokwambia kwamba yameshika. Mkia unakuja, gurudumu la nyuma la ndani linaning'inia hewani kiasi cha upana wa kiganja, na watu waliosimama upande ule wanaliona likizunguka polepole, unaufungua usukani, unaongeza mafuta kidogo kidogo, difu inabana, na gari linajivuta lenyewe kutoka konani kwa kishindo cha kokoto chini ya sakafu. Katika mambo niliyoyapata kwa jitihada yangu, machache yamenipa furaha safi kuliko hilo.

Najua kwamba watasema wengine: watu hulipa kiingilio ili waone magari yenye kasi, na wafadhili hufuata macho ya watu. Kwamba magurudumu manne yana kasi zaidi juu ya udongo silikatai. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alipoishinda Safari kwa Audi ya magurudumu manne, zama za magari ya magurudumu mawili katika kilele cha mchezo huo zilikuwa zinakwisha. Lakini kilele hakijai kwa watu walioanzia kileleni. Hata shirikisho la kimataifa, FIA, katika mpango wake wa sasa wa magari ya rali, limeyaweka madaraja ya Rally5 na Rally4, ya magari ya magurudumu mawili, yawe ya kuanzia, na yale ya magurudumu manne yafuate baadaye kuanzia Rally3. Ikiwa wenye fedha nyingi wameona busara kuanzia huko, seuze sisi, ambao gari moja la kisasa la rali ni sawa na nyumba?

Fauka ya hayo, lipo jambo la roho za watu. Vijana wetu wanapenda kasi, na kupenda kasi si dhambi. Dhambi ni kuwaachia barabara kuu usiku, kati ya malori na waenda kwa miguu, kwa kuwa uwanja uliofungwa, wenye daktari na bendera, umefanywa kuwa wa matajiri. Kila gari dogo linaloingia autokrosi kwa kiingilio ambacho karani anaweza kukilipa ni gari moja lililoondolewa katika ghururi ya barabarani, na dereva mmoja anayerudi nyumbani akijua kwa mwili wake jinsi tairi linavyoshika na jinsi linavyoachia.

Basi nawataka waandalizi wafanye mambo manne, wala hayana gharama kubwa. Daraja la magari ya kuvutwa kwa mbele yasiyo na turbo liwe na orodha yake, alama zake za msimu na kikombe chake. Aina ya tairi ibainishwe na bei yake iwekewe mpaka, ili fedha isiamue lile ambalo mkono unapaswa kuamua. Ukaguzi wa gari ufanywe na mafundi waliosomea, na ufanywe siku ya kabla, ili kijana aliyepungukiwa na boliti apate muda wa kuitafuta badala ya kuomba aachiwe. Na vyuo vya ufundi vya mikoa na kaunti vialikwe kuleta gari moja moja, lililotengenezwa na wanafunzi, kwa maana hakuna mtihani wa ufundi ulio wa haki kuliko saa na njia ya udongo.

Nao wanahabari wenzangu, ninaowapenda na kuwaheshimu, wana fungu lao. Matokeo yakisomwa, na yasomwe yote. Na mshindi wa daraja dogo akitangazwa, atangazwe mbele ya umma ule ule uliomshangilia mshindi wa jumla, kwa jina la dereva na kwa jina la fundi wake, kwa kuwa wote wawili wameistahiki heshima hiyo kwa jasho, na wengi wanaotazama kutoka nje ya kamba watajua siku hiyo kwamba mlango uko wazi kwao pia.